Fuata Viatu, Usifuate Hotuba: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Ushujaa na Kuzinduka kwa Mhusika Mkuu wa Riwaya ya Vita

Ukisahihisha insha za fasihi kwa miaka kadhaa, kuna sentensi moja utakayokutana nayo mpaka uiote usiku: "Mhusika mkuu alikwenda vitani akiwa shujaa, akaona ukatili wa vita, mwishowe akakata tamaa." Huandikwa juu ya riwaya yoyote yenye bunduki ndani yake. Sarufi yake haina kasoro. Kasoro ni kwamba hata aliyesoma jalada la nyuma peke yake angeweza kuiandika.

Hapa nitakuonyesha njia nyingine, hatua kwa hatua, kwa kutumia riwaya moja ambayo nimeirudia kuliko nyingine zote za vita: Im Westen nichts Neues ya Mjerumani Erich Maria Remarque, inayofahamika zaidi kwa jina la tafsiri yake ya Kiingereza, All Quiet on the Western Front. Ilianza kutoka kwa mafungu katika gazeti moja la Berlin mwishoni mwa 1928, ikawa kitabu Januari 1929. Msimulizi wake ni Paul Bäumer, kijana aliyenyanyuka kwenye dawati la shule pamoja na wenzake wa darasa moja, wakajiandikisha jeshini na kupelekwa kupigana na Wafaransa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kama riwaya yako ni nyingine, hatua ni zilezile. Badilisha majina tu.

Unachohitaji ni kitabu chenyewe, daftari, penseli, na kama wiki mbili. Sura ni 12 na si ndefu. Muhtasari wa mtandaoni uweke mbali kwanza. Utautamani siku ya tatu, usiufungue.

Kabla ya yote: chagua maneno yako

Wengi hupotea hapa, kabla hata ya kufungua kitabu. Kiswahili kimetupa maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina kazi yake.

Anza na "shujaa". Darasani neno hili limebebeshwa mizigo miwili. Kuna shujaa wa tendi, mtu kama Fumo Liyongo, ambaye wahakiki wengine humwita nguli. Na kuna shujaa wa mtaani, yaani mtu asiyeogopa. Paul si wa kwanza, na wa pili ni nusu tu, kwa sababu anaogopa kila siku na anakiri. Kwa hiyo pangia maneno yako kazi mapema. Mimi huliacha "ushujaa" liwe lile neno kubwa linalotamkwa majukwaani, na "ujasiri" liwe kile ambacho mtu anakifanya kwa mikono huku magoti yakimtetemeka. Ukitenganisha hivyo, nusu ya insha imeshajiandika.

Kisha lile neno la pili. "Kukata tamaa", "kuvunjika moyo" na "kuzinduka" si kitu kimoja. Tamaa hukatwa kuhusu kesho: sioni tena la kungojea. Moyo huvunjika katikati ya jitihada: nimechoka, siwezi. Kuzinduka ni kuhusu jana: nililoambiwa na kuliamini lilikuwa njozi, na sasa nimeamka. Mtu anaweza kuzinduka bila kukata tamaa. Huyo ndiye anayegeuka mwanamapinduzi. Anaweza pia kukata tamaa bila kuzinduka; huyo hulaumu bahati yake tu. Paul yanampata yote matatu, kwa nyakati tofauti, na kazi yako ni kuonyesha lipi lilikuja lini.

Hatua ya kwanza: soma mara moja kwa raha, kisha rudia ukurasa wa mwisho

Mara ya kwanza usipigie mstari chochote. Soma kama unavyosoma hadithi. Ukimaliza, rudia ukurasa wa mwisho mara mbili na uandike sentensi moja: nani anazungumza hapa? Tutarudi huko.

Hatua ya pili: tafuta imani ilikofia

Insha nyingi zinachukulia kwamba riwaya inaanza na kijana mwenye imani. Fungua sura ya kwanza uone inaanza na nini. Inaanza na shibe. Kombania ya Paul imetoka mstari wa mbele. Mpishi alikuwa amepika chakula cha watu 150, na waliorudi ni 80. Mpishi anasita kugawa chote, anatafuta idhini, askari wanakaribia kumvaa, na mwishowe kila mtu anapata maharage, mkate, soseji na tumbaku kwa mara mbili. Wanafurahi kwelikweli. Watu karibu 70 hawapo, na wenzao wanashukuru kwa mgawo wao.

Mtu anayesimulia hivyo ameshazinduka zamani. Imani yake ilikufa kabla ya ukurasa wa kwanza, na tunaambiwa kaburi lilipo: ni kifo cha Joseph Behm. Behm alikuwa kijana mnene, mcheshi, ambaye hakutaka kwenda vitani. Mwalimu wao, Kantorek, aliwahubiria darasa zima mpaka wakaenda kujiandikisha pamoja, na Behm akafuata kwa kuogopa kutengwa. Akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Alipigwa risasi jichoni, wakamwacha wakidhani amekufa. Mchana wakasikia sauti yake, kumbe alikuwa amezimia tu. Akawa anatambaa huku na huko bila kuona, akapigwa na kuuawa kabla mtu hajamfikia.

Sasa chora mistari miwili kwenye daftari. Wa juu ni mpangilio wa matukio yalivyotokea: shule, hotuba za Kantorek, mafunzo, kifo cha Behm, mstari wa mbele. Wa chini ni mpangilio wa usimulizi: shibe, hospitali, kumbukumbu za shule, na kuendelea. Angalia imani inakaa wapi kwenye kila mstari. Kwenye mstari wa chini haipo kabisa. Inatajwa kama mtu anavyomtaja marehemu. Kwa hiyo swali "Paul alizinduka lini?" ni dogo kuliko hili: ikiwa ameshazinduka tangu mwanzo, sura nyingine 11 zinampokonya nini tena?

Shikilia swali hilo. Ndilo uti wa mgongo wa insha yako.

Hatua ya tatu: orodhesha nani analitamka neno kubwa

Gawa ukurasa safu mbili. Upande mmoja waandike wanaozungumzia ushujaa, nchi ya baba, heshima, wajibu. Upande wa pili andika walikuwa umbali gani na risasi.

Kantorek: darasani, na baadaye katika barua anayowaita vijana wake Vijana wa Chuma. Mwalimu mkuu mmoja anayekutana na Paul likizoni: mezani, na bia mbele yake, akieleza kwamba Ujerumani ichukue Ubelgiji yote, maeneo ya makaa ya mawe ya Ufaransa na vipande vya Urusi, Paul akijaribu kusema kitu anaambiwa kwamba yeye anaona kipande chake kidogo tu cha vita, hawezi kuelewa picha nzima. Kaiser mwenyewe, yaani mfalme wa Ujerumani, anakuja kukagua gwaride: askari wanapewa sare mpya, wanashangaa kwamba si mtu mkubwa kama walivyodhani, na alipoondoka sare zikarudishwa stoo. (Ukiwahi kuona shule inavyopakwa chokaa wiki ya ziara ya mkubwa, kipande hiki hakihitaji maelezo.)

Kisha angalia mtaroni. Neno hilo halimo. Kule watu wanazungumzia chakula, chawa, sigara, miguu.

Kuna neno jingine la kulichunga hapa, na wachambuzi wengi hulipita: "mwoga". Paul anasema wazi kwamba hakuna aliyeweza kubaki nyumbani, kwa sababu hata wazazi walikuwa tayari na neno hilo mdomoni. Behm hakuuawa na mvuto wa ushujaa. Aliuawa na hofu ya kuitwa mwoga. Wahenga wetu walilijua jambo hili: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo huwa tunaitumia kumtania aliyekimbia ugomvi. Isome upya ukiwa na Behm akilini, utaona Kantorek alikuwa amewafundisha wanafunzi wake nusu moja tu ya hesabu.

Hatua ya nne: tazama mikono inafanya nini baada ya imani kufa

Sasa fanya kinyume. Acha maneno, tafuta matendo. Chukua kila mahali ambapo mtu anajihatarisha au anamsitiri mwenzake, andika sura, na ujibu: kwa ajili ya nani?

Katika sura ya nne kuna kuruti mdogo anayeingiwa na hofu makombora yanapoanza. Anajisogeza chini ya mkono wa Paul kama mtoto, amepoteza kofia ya chuma. Paul anaiokota, na kwa kuwa kijana hataki kuivaa kichwani, anamwekea makalioni. Ni kichekesho, lakini pia ni akili, maana risasi ya makalio inauma vibaya. Baadaye kuruti huyo anamwaibikia kwa kuwa amejichafua, na Paul anamwambia hilo limewatokea wengi kabla yake. Baadaye wanamkuta kuruti huyohuyo na jeraha la nyonga lisilopona, na Paul na Kat, askari mwenzake mkubwa kwa umri, wanashauriana kumpunguzia mateso kwa risasi. Watu wanakuja, hawawezi tena. Hapo hamna bendera wala nchi ya baba. Kuna kofia, makalio na huruma ya kutisha.

Katika sura ya tisa Paul anajitolea kwenda doria, anapigwa na hofu inayomgandisha ardhini. Kinachomnyanyua ni sauti za wenzake anazozisikia kwa nyuma kwenye handaki. Anasema sauti zile ni zaidi ya maisha yake, zaidi ya upendo wa mama.

Halafu Himmelstoss, ambaye nampenda kuliko wote kwa kazi ya darasani. Uraiani alikuwa mgawa barua. Kambini akawa koplo aliyewanyanyasa makuruti kwa kila namna. Anapofika mstari wa mbele, Paul anamkuta amejibanza handakini akijifanya majeruhi kwa mkwaruzo mdogo. Paul anampiga, anamtukana, anamsukuma; hatoki. Mara luteni anapita na kutoa amri ya kusonga mbele. Himmelstoss anasikia amri, anaamka na kukimbia mbele ya wote. Kwa macho ya mtu aliye mbali na darubini, huyo ni shujaa. Sisi tuliokuwa handakini tumeona kilichomnyanyua ni mazoea ya kutii. Mwanafunzi akiweza kulinganisha doria ya Paul na mbio za Himmelstoss katika aya moja, mimi huwa nimeridhika.

Jambo la kuandika daftarini: katika riwaya hii ujasiri haufi pamoja na imani. Unaongezeka. Kilichobadilika ni nani anayepiganiwa, kutoka nchi nzima hadi watu watano au sita.

Hatua ya tano: fuata vitu na hesabu

Wahusika husema uongo, hata kwa nafsi zao. Vitu havisemi uongo. Chagua kitu kimoja kinachohama mkono hadi mkono ukifuate mpaka mwisho.

Hapa ni viatu. Kemmerich, mwanafunzi mwenzao, ana buti laini za Kiingereza za ngozi ya manjano, ndefu mpaka magotini. Amelazwa hospitalini, mguu umekatwa, na yeye hajui. Müller, mwenzao mwingine wa darasa, anaziona buti na kuuliza kama ataziacha. Msomaji wa mara ya kwanza humchukia Müller. Paul anamtetea: Müller angetembea peku juu ya seng'enge kama ingemsaidia Kemmerich, lakini haitamsaidia, na viatu vizuri ni adimu. Kemmerich anakufa, Müller anavaa. Baadaye sana Müller anapigwa na fataki ya kuangazia, karibu kabisa, tumboni, na kabla hajafa anampa Paul buti zilezile. Paul naye ameshamwahidi Tjaden, askari mwenzao.

Weka hesabu pembeni. Sura ya kwanza, 150 wakawa 80. Mwisho wa sura ya sita, baada ya makombora, panya, gesi na mashambulizi ya kwenda na kurudi, kombania inaitwa majina na kupangwa mstari mfupi sana: watu 32. Remarque haongezi neno la huzuni juu ya namba hiyo. Nawe usimwongezee. Mwanafunzi akiandika "hii inasikitisha sana" baada ya 32, ninapiga mstari mwekundu.

Hatua ya sita: pima kinachopotea katika kila tabaka

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na ndipo swali la hatua ya pili linajibiwa. Imani katika hotuba ilishakwenda. Kinachofuata ni nyumbani.

Sura ya saba, Paul anapewa likizo ya siku 17 pamoja na safari. Soma polepole. Dada yake anapomwita mama yao kwa furaha kwamba Paul amekuja, Paul anasimama kwenye ngazi analia asiweze kupanda. Mama ni mgonjwa, huenda kansa imerudi. Amemwekea chakula anachokipenda, maandazi ya viazi na jamu. Chumbani kuna sanduku la kioo lenye vipepeo alivyokusanya utotoni. Kuna rafu ya vitabu alivyonunua kwa pesa ya kufundisha wenzake masomo ya ziada. Anakaa mbele ya vile vitabu akingoja vimwite kama zamani. Havimwiti. Anatoa kimoja, kingine, anavirudisha.

Hapo ndipo tabaka la pili lilipo, na ni zito kuliko la Kantorek. Kantorek alikuwa mtu mwingine. Ukimzindukia unaweza kumcheka, na kweli Paul anamcheka alipomkuta kavalishwa sare isiyomkaa, akifanyishwa gwaride na mwanafunzi wake wa zamani. Vitabu vile ni yeye mwenyewe. Baba anataka hadithi za vita awasimulie wenzake. Paul anaona kwamba akilitia jambo lile kwenye maneno litamlemea. Anavaa nguo za kiraia, zimembana. Mtu aliyekwenda masomoni mbali akarudi kijijini akakuta kitanda kimekuwa kifupi atalielewa jambo hili kwa upande, lakini kwa upande tu.

Kisha anakwenda kumtembelea mama yake Kemmerich. Mama anataka kujua mwanawe alikufaje. Paul anasema alikufa papo hapo, bila maumivu. Mama hasadiki, anamtaka aape kwa kila kitu kitakatifu, na kwamba asirudi mwenyewe hai kama anasema uongo. Paul anaapa. Andika kiapo hicho kwenye daftari na uzungushie duara, halafu uendelee mbele.

Sasa tukio maarufu, la Gérard Duval. Ndani ya shimo la kombora Paul anamchoma kisu Mfaransa aliyemdondokea, na analazimika kukaa naye saa nyingi akimsikia akifa. Anampa maji, anamfunga majeraha, anamwomba msamaha, anafungua pochi yake na kukuta jina, kazi ya uchapaji, picha ya mke na mtoto. Anaahidi kuishi kwa ajili yake, kupigana na kilichowaangusha wote wawili.

Insha nyingi zinasimama hapo na kutangaza: hapa Paul alizinduka! Nakusihi, soma kurasa mbili zaidi. Paul anarudi kwa wenzake na kuwasimulia. Kat na Albert, mwenzao mwingine, wanamwonyesha mlenga shabaha, Oellrich, anayehesabu kwa fahari watu aliowadungua siku ile. Nao wanamtuliza: hukuwa na la kufanya, ndiyo maana upo hapa. Na Paul anakubali. Anajiambia kwamba vita ni vita. Ahadi aliyompa maiti haikuishi hata siku mbili.

Kwa hiyo tukio la Duval halionyeshi kuzinduka. Linaonyesha mtu aliyezinduka kwa saa chache akalazimika kurudi kulala ili aendelee kuishi. Hilo ndilo jambo ninalotaka uondoke nalo kwenye hatua hii: katika riwaya nzuri ya vita kuzinduka si mlango unaopita mara moja. Mtu huamka na kusinzia, na kusinzia kwenyewe ni sehemu ya gharama.

Tabaka la mwisho ni Kat, yaani Katczinsky, askari wa miaka 40 anayejua kunusa chakula mahali pasipo na chakula. Amejeruhiwa mguu, machela hakuna, Paul anambeba mgongoni chini ya makombora mpaka kituo cha matibabu. Anafika akijua amemwokoa. Mhudumu anamwambia angejiondolea taabu hiyo, mtu amekufa. Kipande kidogo kilimpata kichwani njiani. Anamuuliza kama walikuwa ndugu. Paul anajibu kwamba hapana, hawakuwa ndugu.

Sisi tunaoita "ndugu" hata dereva wa daladala tunajua jibu hilo limemgharimu nini.

Hatua ya saba: rudi ukurasa wa mwisho

Nani anazungumza? Kwa sura 12 tumemsikia "mimi" na "sisi". Ghafla anaingia mtu asiye na jina anayesema "yeye": alianguka Oktoba 1918, siku ambayo mstari mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba taarifa ya jeshi iliandikwa kwa sentensi moja, kwamba upande wa magharibi hakuna jipya. Uso wake ulikuwa umetulia, karibu kama aliyefurahi kwamba mwisho umefika. Na kile kiapo ulichokizungushia duara, je?

Jina la Kijerumani linasema hasa hivyo, "Magharibi hakuna jipya". Tafsiri ya Kiingereza ilileta ukimya. Kwa sikio la Kiswahili naona la Kijerumani linauma zaidi, kwa sababu "hakuna jipya" ndilo tunalojibu tukiulizwa habari za huko na hatutaki kueleza.

Mweke Paul karibu na Liyongo uone tofauti ya zama. Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anafia hapo, na mji mzima unashinda na kiu kwa kumwogopa maiti. Shujaa wa utenzi anakufa na watu wote wanasimamisha shughuli zao. Paul anakufa na karani hakuona cha kuandika.

Hatua ya nane: usimchanganye Paul na Remarque

Hii ni fupi. Remarque alizaliwa Osnabrück 1898, aliitwa jeshini 1916, akajeruhiwa kwa vipande vya kombora Julai 1917 huko Flanders baada ya wiki chache tu mbele, na sehemu kubwa ya muda uliobaki alikuwa hospitalini. Kwa hiyo usiandike "mwandishi anatusimulia maisha yake". Lakini waliochukia kitabu walielewa vizuri kilichomo. Desemba 1930 wafuasi wa Goebbels, mmoja wa viongozi wa Wanazi, walivuruga onyesho la filamu yake Berlin, pamoja na kuachilia panya weupe ukumbini. 10 Mei 1933 kitabu kilikuwa kwenye mioto ya Wanazi. 1943 walimkata kichwa dada yake, Elfriede, aliyekuwa amebaki Ujerumani. Wenye haja na Vijana wa Chuma wapya hawakuweza kuvumilia hadithi ya wale wa zamani.

Hatua ya tisa: linganisha na vita hivyohivyo vilivyopiganwa kwetu

Hiari, ila alama zake ni nzuri. Paul anapokufa Oktoba 1918, huku kwetu vita vilikuwa bado havijaisha. Wajerumani wa Afrika Mashariki, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, walisalimu amri 25 Novemba huko Abercorn, sasa Mbala, Zambia. Chukua Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya 2020, uweke Hamza na Ilyas kwenye safu zilezile. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani akikimbia maisha aliyokuwa nayo, bila hotuba ya mwalimu yeyote, kwa hiyo hana njozi kubwa ya kupoteza. Anarudi na jeraha la nyonga alilopigwa na mkubwa wa upande wake mwenyewe, na anajijenga taratibu kwa kazi ya mbao na kwa mapenzi. Ilyas anaamini wema wa Wajerumani, anakwenda kuwapigania, na haachi kuamini hata baada ya kunyimwa nishani, mpaka anafia kambi ya Sachsenhausen. Huyo ni mhusika ambaye hazinduki. Mwanafunzi aliyezoea ile sentensi ya mwanzo hana mahali pa kumweka, na ndiyo faida ya zoezi.

Ukiwa Dar es Salaam pitia Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Mwanajeshi aliyeko juu hana jina. Kisha tembea hadi Kariakoo, mahali palipoitwa hivyo kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi, na ujiulize Kantorek angesema nini na Müller angeangalia nini.

Hatua ya kumi: andika

Sasa funga kitabu, fungua daftari. Sentensi ya hoja isizidi mistari miwili na isiweze kubandikwa kwenye riwaya nyingine. Mfano: "Paul Bäumer anaanza riwaya akiwa ameshapoteza imani katika ushujaa, kinachofuatiliwa ni jinsi anavyopoteza nyumbani, ahadi zake na rafiki yake, huku ujasiri wake wa kila siku ukiongezeka."

Aya moja, tukio moja. Anza na kitu kinachoonekana, kisha maana. Hivi:

"Katika sura ya sita, kipigo cha Paul hakimtoi Himmelstoss handakini, lakini amri ya luteni inamtoa. Anakimbia mbele kwa kasi kuliko wote. Katika sura ya tisa, Paul aliyegandishwa na hofu hasubiri amri. Ananyanyuliwa na sauti za wenzake. Kwa mtazamaji wa mbali wote wawili ni askari waliosonga mbele. Riwaya inatuweka karibu ili tuone mmoja ametii, mwingine amependa."

Ukimaliza rasimu, hesabu "kukata tamaa" imetokea mara ngapi. Zikizidi tatu, rudi kwenye maneno matatu ya mwanzo uamue ulimaanisha lipi. Futa kila "hii inaonyesha ukatili wa vita". Futa aya ya mwisho kama inawashauri viongozi wa dunia.

Ikiwa mnasoma kwa kikundi, acheni swali moja la kufungia kikao, maana ukurasa wa mwisho haulijibu: zile buti za Kemmerich, Tjaden alizipata?